Uzi Juu ya Fimbo

Maneno yaliyosomwa na akina mama wa meza ya uzi katika sherehe ya miaka kumi ya kikundi chetu, Watamu



Tumepewa robo saa. Mama Katibu ameshatunong'oneza kwamba pilau haingoji hotuba, nasi twamjua Mama Katibu, akisema robo saa ni robo saa. Basi tutakwenda moja kwa moja. Tuliombwa tueleze kazi yetu ya uzi, ilivyoanza na ilivyokifaidi kikundi. Hilo tutalifanya kwa furaha. Lakini yako na mengine ambayo hayamo katika ratiba, nasi watatu tulikubaliana kwamba kitabu cha ukumbusho kisipigwe chapa bila ya hayo kuwemo.

Wengi wenu mmetuona pale barazani kila alasiri, fimbo imelala juu ya vigingi viwili, mmoja anaizungusha, mwingine anahesabu. Mmetuuliza: hivi nyinyi mwashona nini juu ya fimbo? Kuna aliyedhani twatengeneza bakora za maharusi. Na yuko mzee mmoja, amekaa pale nyuma na anacheka sasa hivi, aliyewaambia watu kwamba ni uganga, ati twafunga mashetani ya bahari kwa nyuzi saba. Mzee, tumekusamehe, lakini pilau yako itakuwa ndogo.

Zile ni fimbo za kuvulia. Mabaharia wa boti za watalii waziita rodi. Si mshipi wa mkononi wa baba zetu, unaokata vidole na kumwachia mtu makovu hata uzeeni. Rodi ina shina la kushikia, ina kigurudumu cha kuzungushia mshipi, na kutoka shinani hadi nchani ina pete za chuma ambamo mshipi hupita. Sasa sikilizeni. Zile pete hazikupigwa misumari, wala hazikuchomelewa. Fimbo ya nyuzi za kioo au ya kaboni ni bomba jembamba; ukilitoboa umeliua, samaki wa kwanza atalivunjia palepale. Pete zimefungwa kwa uzi, duru baada ya duru, kisha uzi umepakwa gundi ngumu inayong'aa kama kioo. Sulisuli wa kilo thelathini anaporuka huko nje, mgeni anapiga kelele na nahodha naye anapiga kelele, kinachoshikilia pete zisichomoke ni uzi mwembamba kuliko wa kushonea kanzu.

Kazi hii hatukuivumbua sisi, nasi hatutaki kujisifu kwa kisicho chetu. Zamani, kabla ya fimbo za viwandani, mafundi wa Uingereza na Marekani walipasua mianzi kuwa vipande vyembamba, wakavigandisha sita sita vikawa fimbo moja. Mmoja wa mafundi hao waliosifika sana alikuwa Hiram Leonard wa jimbo la Maine, katika karne ya 19. Gundi za siku hizo hazikuwa za kuaminika, hivyo waliizungushia fimbo uzi wa hariri hapa na pale ili vipande visiachane. Kwa hiyo uzi ulikuja kwanza kwa kazi. Ndipo mtu akaona: maadamu nazungusha uzi mwekundu, kwa nini nisiweke na duru mbili za kijani ukingoni? Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zikaja fimbo za nyuzi za kioo, na katika miaka ya 1970 zikaja za kaboni. Hizo hazina vipande vya kuachana, lakini pete bado zilitaka kufungwa, na pambo nalo halikuondoka. Huko Marekani wakatokea watu wengi wanaojiundia fimbo zao wenyewe nyumbani, wakashindana kwa mapambo: misalaba, almasi, mishale, hata wakafika mahali pa kufuma picha kamili kwa uzi. Dale Clemens aliandika vitabu vya kazi hii, kimoja kilitoka mwaka 1978 na kingine, cha mapambo ya uzi peke yake, mwaka 1982.

Sasa, hapa kwetu wageni wa kuvua samaki wakubwa si jambo geni. Mwandishi Ernest Hemingway alivua Malindi mwaka 1934, na tangu hapo wamekuja wengi, wenye majina na wasio na majina. Baadhi yao huja na fimbo zao wenyewe kutoka makwao, zimepambwa hivyo. Zikapita mikononi mwa waume zetu na wapwa zetu wanaofanya kazi botini, lakini hakuna aliyetutajia hata siku moja. Kwao ni rodi tu.

Mwaka 2016, kikundi chetu kikiwa na mwaka mmoja, mpwa wa mmoja wetu alikuja nyumbani na fimbo ya boti iliyong'oka pete mbili. Chumvi ilikuwa imekula chuma chini ya uzi. Nahodha alikuwa amemwambia aipeleke Mombasa, naye nauli hana. Akaiweka ukutani, akaketi akashika tama. Bibi yetu huyu mnayemwona hapa, aliyeshona kofia za viua tangu hajaolewa, akaichukua, akaitazama pale uzi ulipofunguka. Akauliza, "Mwisho wa uzi umefichwa wapi? Mbona hauna fundo?" Tukatazama sote. Hauna fundo kweli. Akakaa nayo mpaka magharibi, akifungua duru moja moja kwa sindano, mpaka akajua: kabla ya duru za mwisho hulazwa kitanzi cha uzi mwingine, mwisho wa uzi hupitishwa ndani ya kile kitanzi, kisha kitanzi huvutwa na mwisho wenyewe huenda ukajizika chini ya duru. Hamna fundo la kukwaruza mshipi. Bibi akasema, "Aliyefanya hivi ana akili." Kwake yeye hakuna sifa kubwa kuliko hiyo, hata wakwe zake hajawahi kuwapa.

Tulizifunga zile pete mbili kwa uzi wa kushonea na vanishi ya milango. Zilidumu wiki tatu. Lakini nahodha alishaona mkono, akamtuma mpwa wetu na uzi wenyewe wa nailoni na chupa za gundi, akasema, hao mama zako wajaribu tena. Ndivyo tulivyoanza.

Kazi ya pete huijua mtu kwa mwezi mmoja au miwili. Kazi ya kufuma ni kitu kingine, na hapa tutaomba dakika zetu tano, kwa maana ndiyo iliyotukamata roho.

Mnajua mfumaji wa nguo ana mtande na mshindio. Mtande umenyooka, mshindio unapita. Katika fimbo ni vilevile, isipokuwa kitambaa chenyewe ni cha mviringo na ni kidogo kama kidole. Kwanza twafunika fimbo kwa duru za uzi wa msingi. Halafu twalaza juu yake nyuzi za mtande kwa urefu wa fimbo, moja kando ya mwenziwe, 31 au 41 kufuatana na picha, na ncha zake zimebanwa chini ya duru. Kisha uzi wa mshindio unaanza kuzunguka. Katika kila duru, kabla haujapita, twainua nyuzi za mtande zile zinazotakiwa kuonekana na kuziacha nyingine zimelala. Uzi ulioinuliwa, mshindio wapita chini yake, nao ukirudishwa waonekana juu. Uliolala wafunikwa. Duru moja ni safu moja ya picha. Mchoro wenyewe uko kwenye karatasi ya miraba, ile ya hesabu za shule, na kila mraba ni uzi mmoja.

Mwenzetu msuka ukili alipoliona hilo alipiga kofi. "Kumbe ni mkeka!" Ni mkeka kweli, isipokuwa mwaa wake hauonekani bila miwani. Duru mia moja za uzi ule mwembamba hazifiki upana wa kidole gumba. Mwaa ukikosea, waona palepale. Uzi ukikosea, huoni. Waendelea kuhesabu, juu, chini, chini, juu, mpaka safu ya ishirini mbele ndipo jicho lasema, mbona mkia wa samaki umepinda? Wahesabu kurudi nyuma, na kosa liko kule ulikopigiwa hodi ukaitikia. Hapo hamna dawa ila kufungua duru zote ishirini. Ndiyo maana mkija barazani hatujibu salamu. Si kiburi jamani, ni hesabu.

Sanaa ya mwanzo kabisa tuliyofuma ilikuwa mwezi na nyota, uzi mweupe juu ya fimbo nyeusi. Ilitoka safi kama kofia ya Idi. Tukaita majirani. Tukapaka gundi. Mbele ya macho yetu mwezi ukaanza kuzimika. Nyota nayo ikaenda. Baada ya dakika chache palikuwa na doa la kijivu tu. Hapo mzee wetu wa nyuma alipata ushahidi wake wa mashetani. Kumbe uzi wa nailoni wa kawaida ukilowa gundi huwa kama karatasi iliyolowa mafuta, waona kilicho chini yake, na chini kulikuwa kweusi. Lazima kwanza upakwe dawa ya kushika rangi na kuachwa ikauke vizuri, au ununue uzi uliokwisha kutiwa dawa kiwandani, na chini yake uweke msingi wa rangi nyepesi. Tulijifunza hilo kwa fimbo moja, na fimbo ilikuwa yetu wenyewe. Hasara ndogo.

Hasara kubwa ni hii tunayokuja kuisema sasa.

Mwaka 2019, mwezi wa nne, mwenye boti mmoja alitupa fimbo 14 za kufungwa upya zote, pete, na mapambo kwenye shina. Hatujawahi kuona kazi nyingi hivyo. Tulikuja mbele yenu tukaomba mkopo, shilingi 12,000 kila mmoja wetu, jumla 36,000. Wengine wenu mlisita, tena mlikuwa na haki, kwa kuwa sanduku lote siku ile halikuwa na mara mbili ya hizo. Mama Mwenyekiti akasimama akatutetea. Mkatupa. Miezi mitatu, kama katiba inavyosema.

Gundi hii huja katika chupa mbili, ya utomvu na ya kigandishi, na zapimwa sawa kwa sawa. Sisi tulikuwa tukipima chupa ndogo kwa bomba la sindano. Siku zile, kwa haraka na kwa kujiona tumekuwa mafundi, tukapima kwa jicho ndani ya kikombe, kama mtu anavyopima mafuta ya mchuzi. Isitoshe ilikuwa masika, mvua haikatiki, hewa yenyewe imelowa. Tukapaka fimbo tisa kwa siku mbili. Asubuhi zinanata. Tukasema ni unyevu, zitakauka. Baada ya siku tatu zinanata. Baada ya wiki, ukigusa, kidole kinaondoka na alama, kama umegusa halwa. Mbu wamenasa ndani. Tuliziweka juani kila jua lilipochomoza, tuliziweka jikoni karibu na moto. Kigandishi kilikuwa kichache, basi, na jua haliwezi kuongeza kigandishi.

Tulikata zote tisa. Wembe, kucha, spiriti. Uzi wa kazi ya mwezi mzima ukaenda katika ndoo ya taka. Baadaye fundi mmoja wa boti alituambia kwamba mara nyingine kupaka mkono wa pili juu yake, uliopimwa vyema, huokoa kazi ya namna ile. Alituambia mwezi wa tisa. Hatukulia, lakini hatukumshukuru siku hiyo.

Hasara ni hasara, kila biashara inayo. Ambalo hatukuwahi kuwaambia waziwazi ni yaliyofuata. Mkutano wa mwezi wa sita Mama Mwenyekiti alituuliza, kazi yaendeleaje? Tulikuja na fimbo mbili, kati ya zile tano zilizokuwa nzuri. Tukazipitisha mkononi kwa mkono. Mlipiga makofi. Hatukusema neno kuhusu tisa. Na marejesho tuliyolipa siku ile hayakutoka katika uzi. Mmoja wetu aliuza mbuzi, na wawili tulichukua mikopo ya simu, ile ya kubonyeza tu, ambayo riba yake haingoji mwezi. Tulikuwa tunaziba tundu la mtumbwi kwa ubao wa mtumbwi uleule.

Mwezi uliofuata hatukuleta kitu. Tukatuma salamu kwamba tuna msiba. Hatukuwa na msiba. Na ni mkutano huohuo ambapo mwenzetu mmoja, aliyeweka hisa zake tangu wiki ya kwanza bila kukosa, alikuja kuomba mkopo wa kumlaza mwanawe hospitali. Wenye funguo tatu wakafungua sanduku. Hazikutosha. Pesa yake ilikuwa barazani kwetu, katika ndoo ya taka.

Mlichanga usiku ule nyumba kwa nyumba mkampa. Mtoto alipona, Alhamdulillahi. Ndiye huyo kijana mrefu aliyepanga viti leo asubuhi. Sisi tulisikia habari kwa watoto wetu. Usiku huo watatu tulikaa bila ya kuwasha taa. Bibi ndiye aliyesema, "Tufungue mpaka pale tulipokosea." Hakuongeza. Kesho yake alfajiri tulikwenda kwa yule mwenzetu kwanza, kisha kwa Mama Mwenyekiti, na Jumamosi tukasimama mbele yenu na zile fimbo, na ndoo pia tukaja nayo.

Mlitukasirikia. Kulikuwa na sauti za kututoa katika kikundi, na kwa vile leo ni siku ya kusema, wenye sauti hizo hawakutukosea. Mkatutoza faini ya kutohudhuria na faini ya kusema uongo, ambayo haikuwa katika katiba. Iliandikwa siku ile kwa ajili yetu. Halafu mkatupa muda mpaka kaskazi, bila riba mpya. Na mmoja wenu, hatumtaji kwa kuwa atakasirika, alitununulia mabomba ya sindano kumi, akatupa mkononi bila ya neno. Tunayo hadi leo mawili.

Tulimaliza deni la sanduku mwezi wa pili mwaka 2020. Ile mikopo ya simu ilichukua zaidi. Na mwezi wa tatu, tarehe 25, ndege za kutoka nje zikasimamishwa kwa sababu ya korona. Fikirini kama ingekuwa bado tunadaiwa! Boti zilipandishwa pwani zikakaa. Hakuna fimbo iliyovunjika kwa kuwa hakuna fimbo iliyotoka. Ndege za nje ziliporuhusiwa tena tarehe 1 mwezi wa nane, haikuwa kwamba wageni walikuja kesho yake. Miezi ile tulipalilia, tuliuza mahamri, na jioni tulifuma juu ya vipande vya fimbo vilivyovunjika, bila mnunuzi, ili mkono usisahau. Ndipo tulipokichukua kiolezo cha mkeka wa mwenzetu tukakiweka kwenye karatasi ya miraba. Kikakubali. Tena kikawa kizuri kuliko misalaba na almasi tuliyokuwa tukiiga. Wageni wa baadaye walipokiona ndicho walichotaka. Wana almasi kwao.

Siku hizi twafunga pete kwa kazi ya boti, na twafuma kwa maagizo: jina la mtu, jina la boti, sulisuli amefungua tanga lake la mgongoni. Pete hulipwa kwa pete. Kufuma twatoza kwa siku, na hapo ndipo pana ubishi. Mteja hutazama kipande cha urefu wa kidole, aulize bei, aseme, "Lakini ni uzi tu!" Bibi hujibu kwamba hata kofia ni uzi tu, na yeye alishona kofia miezi mitatu akauza kwa bei ambayo mchuuzi aliizidisha kabla hajafika mwisho wa mtaa. Safari hii hataki mchuuzi. Mteja akitaka, akae barazani alasiri moja ahesabu nasi. Mmoja alikaa. Alilipa bila kuongeza neno, akatuomba na dawa ya macho.

Yupo pia aliyechukua fimbo tano zilizokamilika akaondoka na boti yake, asilipe mpaka leo. Hatumtaji. Tangu hapo nusu ya pesa hulipwa kabla uzi haujakatwa.

Na macho ndiyo kifaa chetu cha kwanza. Mwaka jana mfuko wa jamii wa kikundi ulimnunulia Bibi miwani. Alipoivaa mara ya kwanza aliishika fimbo yake ya mwaka 2018, akaitazama kwa muda, akasema, "Mlikuwa mwaniona na hamsemi?" Tunawashukuru sana kwa miwani ile, ingawa imetuletea taabu, maana sasa haoni haya kutufungulisha kazi.

Jambo la mwisho, nalo ndilo tuliloombea nafasi. Mama Katibu, bado dakika mbili.

Boti za huku huvua kaskazi, bahari inapokuwa shwari, na mwezi wa kumi na moja hadi wa tatu ndiyo miezi ya wageni. Kusi likianza kuvuma, boti hupandishwa kutengenezwa, na fimbo zote huletwa kwetu wakati huo. Kwa hiyo kazi yetu ni ya kusi, lakini pesa ya mwenye boti ni ya kaskazi. Uzi na gundi twanunua mwezi wa tano, malipo kamili twayaona mwezi wa kumi na mbili. Mkopo wa miezi mitatu waangukia katikati, pale ambapo mfuko wa mtu hauna hata nauli. Hilo halituondolei kosa letu la mwaka 2019; tungepima gundi vizuri, tungelipa. Lakini uongo tuliousema tuliusema mwezi wa sita, na si sisi peke yetu wenye mwezi wa sita. Mwenzetu mwenye kibanda cha juisi ufukweni anao. Wanaosuka mikoba ya watalii wanao. Na tunajua, kwa kuwa tulikuwa hivyo, ya kuwa kuna mikopo ya simu humu ndani leo ambayo wenyewe hawaisemi.

Tunaomba mkutano mkuu ufikirie mkopo wa aina ya pili. Uitwe mkopo wa kusi. Uchukuliwe mwezi wa tano, riba kidogo ilipwe kila mwezi ili sanduku lisilale, na deni lenyewe lilipwe kuanzia mwezi wa kumi na mbili hadi wa pili. Kiasi kisizidi hisa za mtu mwenyewe, asiguse za mwenziwe. Na akiba ya hospitali itengwe kando, isikopeshwe kwa uzi, wala juisi, wala kwa chochote. Hili la mwisho ameliomba yule mama wa yule kijana, nasi tumemwahidi kulisema kwanza, tumelisema mwisho, atatusamehe. Mama Mweka Hazina ana hesabu zake na wasiwasi wake, ameshatueleza kwamba sanduku likikopesha kwa miezi tisa litapungukiwa mwezi wa nane shule zinapofunguliwa. Ni kweli. Hatuna jibu kamili. Tumeleta karatasi ya miraba, tumechora miezi yote kumi na miwili na pesa za kuingia na kutoka, na tunaomba mwenye jicho aje atuonyeshe tulipokosea kabla hatujaanza.

Wasichana wawili wanaojifunza kwetu tangu mwaka jana wamepanga fimbo sita kwenye meza ile ya mlangoni. Zishikeni, hazinati. Yenye samaki wa buluu ina kosa katika mkia, uzi mmoja umelala palipotakiwa kuinuka. Tuliliona gundi ikiwa imekwisha kukauka. Mwenye fimbo hakuliona na ameshailipia, lakini Bibi amekataa isiondoke mpaka mwenyewe aonyeshwe, na atakuja kesho.

Mama Katibu, saa yako iko mbele.